Habari Hiyo Ni ya Saa Ngapi?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, ndugu madereva, na nyinyi vijana mliosimama pembeni kwa kukosa viti: nawasalimu, na nawashukuru kwa kunipa jioni yenu.

Nimeombwa nizungumze kuhusu huduma ya bure ya umma inayotoa habari za barabara na usafiri papo kwa papo. Nimeifanyia kazi huduma ya namna hiyo kwa miaka mingi, zamu ya usiku, katika chumba ambacho ukuta mmoja mzima ni skrini. Naipenda, na naijua ilivyo. Ndiyo maana sitaanza kwa kuisifu. Nitaanza na simu moja iliyonijia kazini.

Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri. Aliyepiga alikuwa mama mtu mzima, sauti ya taratibu, na nyuma yake nasikia birika linachemka. Asubuhi ile alikuwa na miadi ya kusafishwa damu hospitalini, na miadi ya namna hiyo mgonjwa haahirishi kwa kupenda. Akaniuliza kama basi la saa kumi na moja litapita njia yake ya siku zote. Nikainua macho. Barabara yake ilikuwa kijani mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia, "Ndiyo mama, njia nyeupe." Akasema asante mwanangu, akakata simu.

Ilipokaribia saa moja akapiga tena. Lori lilikuwa limelala ubavu darajani tangu saa kumi kasorobo, limeziba leni zote, na mabasi yamegeuzwa kwa njia nyingine isiyofika kituoni kwake. Alikuwa amesimama pale kwa muda wa karibu saa mbili, yeye na mkoba wake wa dawa, akitazama upande ule basi linakotokea. Nikajiandaa kugombezwa. Hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ile habari uliyonipa ilikuwa ya saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Tulimtafutia usafiri, akafika hospitalini amechelewa, wakampokea. Mimi nikarudi kwenye skrini, nikaubofya ule mstari wa kijani. Kwenye kona, kwa herufi ndogo kama zile za karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa, iliandikwa saa ambayo kifaa cha barabarani kilituma habari mara ya mwisho: saa tisa na dakika kumi na mbili usiku. Kifaa kilikuwa kimekata mawasiliano, na skrini imebaki na rangi ya mwisho iliyoijua. Nilimpa mama yule habari iliyopitwa na zaidi ya saa nzima, nikiamini ni ya dakika ile. Saa ilikuwa pale pale mbele yangu. Sikuisoma.

Swali lake ndilo lililonileta hapa mbele yenu.

Tuelewane kwanza huduma ninayoisema ni ipi. Ni ile inayoendeshwa na mamlaka zinazosimamia barabara na usafiri, kwa fedha za umma. Hulipii kuiuliza. Kwa kawaida huhitaji kujiandikisha wala kutaja jina lako. Ukiifungua utakuta ramani yenye rangi, orodha ya ajali na barabara zilizofungwa, kazi za ujenzi, picha za kamera, nyakati za mabasi na treni, na mara nyingi hali ya hewa ya barabarani.

Mfano ulio wazi ni namba 511 ya Marekani. Kabla yake, majimbo, miji na mashirika ya usafiri kila moja lilikuwa na namba yake ya simu. Msafiri akivuka mpaka wa jimbo, namba aliyoishika kichwani haimfai tena. Machi 1999 Wizara ya Uchukuzi ya nchi ile ikaomba itengwe namba moja fupi, na tarehe 21 Julai 2000 tume inayosimamia mawasiliano ikaitenga 511 kwa habari za usafiri nchi nzima. Eneo la Cincinnati, mpakani mwa Ohio na Kentucky, likawa la kwanza kuitumia, mwaka 2001. Siku hizi katika eneo la Ghuba ya San Francisco huduma hiyo inaweka mahali pamoja hali ya barabara kuu na nyakati za mabasi, treni na vivuko vya mashirika zaidi ya 20. Kijana anayetaka kutengeneza programu yake mwenyewe anapewa data hiyo hiyo baada ya kuomba ufunguo wa kuingilia, na ufunguo nao ni bure.

Najua wengi wenu mnatumia ramani za kampuni binafsi zilizomo kwenye simu. Zitumieni, ni nzuri. Lakini kuna jambo moja ambalo huduma ya umma inalijua kabla ya mtu mwingine yeyote: barabara iliyofungwa kwa amri. Anayefunga barabara ni mamlaka, na anayeifungua ni mamlaka. Ramani ya kampuni hubaini kufungwa pale magari yanapoacha kupita, au mtu au mamlaka yenyewe inapotoa taarifa. Kwa habari ya geti, mimi namuuliza kwanza aliyeshika ufunguo wa geti.

Sasa, habari hizi zinatoka wapi? Nitakaa kidogo hapa. Mtu akijua habari imezaliwaje, anajua pia inazeeka vipi.

Ukisimama karibu na taa za kuongozea magari, tazama chini. Mara nyingi utaona mistari imekatwa kwenye lami, ina umbo la mraba au mstatili, imezibwa kwa kitu cheusi. Ndani ya mkato huo mmezungushwa waya mara kadhaa, ukawa koili. Umeme mdogo unapita humo saa zote. Gari likikaa juu yake, chuma cha gari kinaubadilisha mwenendo wa umeme ule, na kisanduku kilichopo kando ya barabara kinahesabu: moja. Ukiweka koili mbili zikifuatana kwa mita chache, unapata na mwendo wa gari, kwa sababu unajua limetumia muda gani kutoka ya kwanza hadi ya pili. Basi hivyo tu. Kwenye barabara kuu nyingi, ile rangi nyekundu na kijani imeanzia kwenye waya uliofukiwa. Siku mafundi wa bomba la maji wakiichimba lami ile, waya umekatika, na barabara yako imepofuka bila wewe kujua.

Njia ya pili ni kuyatambua magari yenyewe. Penye barabara za kulipia, gari huwa na kifaa kidogo cha tozo kwenye kioo. Wasimamizi wanaweza kuweka visomaji mahali pengine barabarani, hata pasipo na malipo: gari limesomwa hapa, limesomwa tena kule, muda wa safari umepatikana, na utambulisho wa gari unafichwa ili asijulikane mwenyewe. Kule Ghuba ya San Francisco vifaa vya tozo vilitumika kwa kazi hii. Mahali pengine husomwa ishara ya Bluetooth ya simu na redio za magari.

Hebu fikirini jambo hili pamoja nami, maana hata sisi wa chumbani lilituchukua muda kulizoea. Muda wa safari unaopimwa hivi unawahusu waliokwisha kufika. Ubao wa matangazo wa barabarani ukiandika dakika 40 hadi mjini, umepimwa kwa magari yaliyomaliza safari sasa hivi, yaani yaliyoanza dakika 40 zilizopita. Kama foleni imeanza kujikusanya robo saa iliyopita, ubao bado haujaipata yote. Asubuhi, magari yanapoongezeka, ubao husema muda mfupi kuliko utakaoukuta. Usiku foleni inapoyeyuka, husema mrefu kuliko utakaoukuta. Ubao umesema kweli, ila kweli ya aliyekutangulia. Kwa hiyo ukitoka saa za asubuhi zenye magari mengi, ongeza muda kidogo juu ya ule ulioandikwa. Huo ni ushauri wangu wa kazini, si kanuni ya kitabuni.

Foleni yenyewe nayo haitulii mahali. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio ambalo kila dereva angelipenda. Walipanga magari 22 kwenye njia ya mviringo yenye mzunguko wa mita 230, wakawaambia madereva waende kwa mwendo mmoja tu, kama kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na taa, wala shimo, wala ajali. Baada ya muda mfupi foleni ikajitengeneza yenyewe: mmoja amepunguza kidogo, wa nyuma yake amepunguza zaidi, wa nyuma zaidi akasimama kabisa. Na kile kifungu cha magari yaliyosimama kikawa kinarudi nyuma, kinyume na mwendo wa magari, kwa kiasi cha kilomita 20 kwa saa.

Chukueni hesabu hiyo muipeleke barabarani. Kifungu kinachorudi nyuma kwa kilomita 20 kwa saa, ndani ya robo saa kimehama kilomita 5 kuja upande wako. Uliona wekundu baada ya daraja, ukajiambia nitachepuka kabla ya kulifikia. Umefika, wekundu umeshavuka daraja na kuipita njia yako ya kuchepukia. Ramani haikudanganya. Iliangaliwa mapema mno, haikuangaliwa tena.

Mabasi yana habari zake, na hapa nataka wasiokuwa na gari wanisikilize vizuri, maana wao ndio huumia zaidi habari ikichacha. Mwenye gari akikosea, amekaa kwenye kiti chake. Abiria akikosea, amesimama juani.

Mwaka 2005 shirika la usafiri wa umma la Portland, huko Oregon, lilishirikiana na Google kuziweka ratiba zake katika mpangilio ambao kompyuta yoyote inaweza kuusoma. Mpangilio ule ukatangazwa wazi, mashirika mengine yakaufuata, na leo unaitwa GTFS. Mwanzoni ulibeba ratiba tu: basi linatakiwa kupita saa ngapi. Mwaka 2011 ukaongezewa sehemu ya papo kwa papo yenye habari za aina tatu: safari hii imechelewa au imewahi kiasi gani, gari liko wapi sasa, na matangazo, kama vile kituo kuhamishwa au njia kufungwa.

Na wenye mpangilio huo walikwisha kulifikiria swali la yule mama. Mwongozo wao unayashauri mashirika yatume habari upya angalau kila sekunde 30. Habari ya mahali basi lilipo na ya kuchelewa kwake isizidi umri wa sekunde 90. Matangazo yasizidi dakika 10. Nilipousoma mwongozo ule mara ya kwanza niliweka kalamu chini. Mimi nilimpa mgonjwa habari ya saa nzima na zaidi.

Sasa fungueni macho kwa jambo hili. Programu nyingi, zikikosa habari ya basi lenyewe, zinakuonyesha ratiba badala yake, na zinaionyesha kwenye skrini ile ile. "Dakika 6" inayotokana na basi lenyewe, lililojua mahali lilipo kwa setilaiti, na "dakika 6" inayotokana na karatasi iliyopangwa miezi mitatu iliyopita, zinafanana kama mapacha. Tofauti iko kwenye alama ndogo: mawimbi madogo kando ya namba, au rangi tofauti, au neno "ratiba". Jifunzeni alama ya programu yenu. Ukiona dakika zinapungua kwa utaratibu kabisa, sita, tano, nne, tatu, bila kusita hata mara moja, kisha basi linatoweka kwenye orodha na barabarani hakuna kilichopita, ujue ulikuwa unaisoma ratiba. Basi la kweli husita. Hukutana na taa nyekundu, hupakia mzee anayepanda polepole, na namba yake hurudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea. Mimi nikiona namba inayosita, moyo wangu unatulia.

Ndugu madereva, naja kwenu sasa, na nitasema kama ndugu.

Habari ya barabara ina wakati wake wa kuulizwa, na wakati huo ni kabla ufunguo haujazungushwa. Usiku kabla ya safari, angalia yaliyopangwa: ujenzi, mbio, maandamano, daraja litakalofungwa saa fulani hadi saa fulani. Hayo hayabadiliki sana, na habari ya jana inatosha. Dakika tano kabla ya kutoka, angalia yanayobadilika. Ukiwa njiani, muulizaji ni abiria wako, au redio, au ubao wa barabarani. Kama uko peke yako na lazima ujue, simama mahali salama uangalie.

Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde tano za kutazama simu ni zaidi ya mita 110 ambazo umeendesha bila macho. Nimezitazama kamera kwa miaka. Nimeona gari likiacha leni yake taratibu, taratibu kama linalosinzia, na kioo chake kinang'aa kwa mwanga wa simu. Siwezi kuisahau picha ile, na sitaieleza zaidi ya hapo mbele ya watoto hawa.

Jambo la pili kwenu ni mchepuko. Skrini inasema njia nyingine itakuokolea dakika nne, nawe unakata kona. Unadhani ni wewe peke yako uliyeambiwa? Mwaka 1968 mwanahisabati wa Ujerumani, Dietrich Braess, alionyesha kwa hesabu kwamba kuongeza barabara mpya kunaweza kumchelewesha kila mtu, ikiwa kila mmoja anajichagulia njia iliyo bora kwake peke yake. Wote wanakimbilia pale pale. Ndivyo ilivyo kwa mchepuko wa kwenye simu: magari mia mbili yanaingia kwenye kijia cha makazi, penye watoto wanaovuka kwenda shule, penye kona ambayo lori likikata halirudi. Baada ya dakika kumi mchepuko una foleni kubwa kuliko barabara kuu. Mimi kwa dakika nne sichepuki. Kwa barabara iliyofungwa, nachepuka, na nafuata njia iliyotajwa na mamlaka, kwa sababu wao wameshaangalia kama daraja la huko linabeba uzito na kama malori yanapita chini ya nyaya.

Na penye maji, tafadhali, nawasihi. Tangazo likisema barabara imefungwa kwa mafuriko, basi imefungwa. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimeta 30 tu, yanaweza kulibeba gari dogo. Yakifika sentimeta 60 yanabeba magari mengi, pamoja na yale makubwa mnayoyaamini. Na juu ya maji huwezi kuona kama lami ya chini bado ipo. Tangazo la mafuriko ndilo tangazo pekee ambalo nasema litiini hata kama saa yake ni ya zamani. Kosa la kuamini barabara imefungwa kumbe imefunguliwa litakugharimu muda. Kosa la upande wa pili sihitaji kulitaja.

Limebaki jambo la sisi wenyewe kuilisha huduma hii. Kamera haziko kila mahali, na koili haziko kila mahali. Watu wako kila mahali. Kule kazini tulikuwa tunapata simu nyingi za "kuna ajali huku mbele". Huku wapi? Mbele ya wapi? Taarifa inayofaa ina vitu vinne: jina la barabara na alama ya kilomita au kitu kinachojulikana karibu, upande wa kwenda au wa kurudi, leni ngapi zimezibwa, na umeona saa ngapi. Saa, ndugu zangu. Mtu anafika nyumbani, anakula, anaoga, kisha anakumbuka kutoa taarifa ya gari lililoharibika, nasi tunaituma habari ile kama mpya. Kama kuna majeruhi, namba ya dharura ndiyo kwanza. Huduma ya habari haitumi gari la wagonjwa.

Tena, nani amewahi kupiga simu kusema barabara imefunguka? Nawauliza kweli. Katika miaka yangu yote nadhani simu za namna hiyo zinahesabika kwa vidole. Ajali inatangazwa na watu kumi, kuondolewa kwake hakutangazwi na mtu. Usiku mmoja niliacha tangazo la kufungwa kwa barabara likae kwa muda wa saa sita baada ya gari la kuvuta kumaliza kazi, kwa sababu zamu ilibadilika na hakuna aliyetuambia. Watu walizunguka kilomita nyingi kuikwepa barabara iliyokuwa wazi, tupu, inang'aa kwa mvua. Ukipita mahali palipotangazwa kufungwa ukakuta pako wazi, piga simu. Ni msaada mkubwa kuliko unavyodhani.

Sasa niseme linaloniumiza. Kuna maofisa wanaoona kwamba laini ya simu ya sauti imepitwa na wakati, ifungwe, kila mtu ana simu janja. Si kila mtu. Yule mama wa birika alikuwa na simu ya kitochi na macho yaliyoanza kufifia. Baada ya siku ile alikuwa akipiga kila siku ya miadi yake, na mimi nilikuwa namtajia saa ya habari kabla hajaniuliza, naye ananijibu, "Haya, hiyo mbichi." Ukiifunga laini ile umemwambia mtu kama yeye kwamba kodi yake imejenga skrini asiyoweza kuiona. Huduma ya umma isiyomfikia mgonjwa, asiyeona, asiyesoma lugha ya ofisini, na asiye na kifurushi cha intaneti, imepungua uumma wake. Laini ya sauti ibaki. Ujumbe mfupi wa maandishi ubaki. Redio ipewe habari kwa wakati. Na data itolewe wazi, kwa sababu kijana mmoja hapa anaweza kutengeneza kitu cha kuwasaidia wasioona ambacho ofisi haikuwahi kukifikiria.

Na saa ya habari iandikwe kubwa. Si kwenye kona, si kwa herufi za karatasi ya dawa. Kifaa kikikata mawasiliano, mstari wake ugeuke kijivu, usibaki kijani. Kijivu kinasema sijui, na msafiri akiambiwa sijui atajipanga: atatoka mapema, atampigia mtu aliye njiani, ataulizia njia ya pili. Kijani cha uongo kinamtoa nyumbani akiwa ametulia.

Mwenyekiti ameniruhusu tumalizie kwa vitendo. Naomba kila mwenye simu aitoe. Wenye simu za kitochi, pigeni namba ya huduma muulize habari ya barabara mtakayorudia nyumbani usiku huu, na akishajibiwa mtu asikate, aulize habari hiyo ni ya saa ngapi. Wenye simu janja, fungueni barabara hiyo hiyo kwenye ramani ya huduma na muitafute saa yake. Vijana mliosimama, nendeni mkakae na wazee, mmoja kwa mmoja, msiwashikie simu, waacheni wabonyeze wenyewe. Ukiiona saa, inua mkono, unisomee kwa sauti. Ukiitafuta ukaikosa, inua mkono vilevile. Katibu yuko hapa na daftari, anaandika majina ya barabara zote zisizo na saa, na kesho asubuhi orodha hiyo inakwenda ofisini kwao pamoja na barua. Haya, tuanzie na ninyi wa mstari wa mbele.